AMPK kwenye figo: ikiamka tunapoteza maji au tunayabakiza?

Zuwena_fizio

Habarini wakuu. Nina swali limenikaa kichwani wiki nzima, naomba wenye uelewa wa figo mnisaidie.

Nasoma fiziolojia mwaka wa pili na kikundi chetu tulipewa mada ya AMPK, kile kimeng'enya cha ndani ya seli kinachopima kama nishati imepungua. Nilichoelewa ni kwamba ATP (sarafu ya nishati ya seli) ikishuka, AMP (mabaki yake baada ya kutumika) inapanda, AMPK inaamka, inazima kazi zinazokula nishati na kuwasha zile zinazoizalisha. Sasa kwenye figo kazi inayokula nishati kuliko zote ni kurudisha sodiamu kwenye damu, kwa hiyo nikasimama mbele ya wenzangu nikachora mshale mmoja mrefu ubaoni, AMPK juu, mlango wa sodiamu chini, chumvi inatoka na mkojo, maji yanaifuata, mkojo unakuwa mwingi. Nilikuwa na uhakika nao kabisa.

Mwalimu akaangalia ule mshale akaniuliza kitu kimoja tu: kama ni hivyo, mbona metformini, dawa inayoamsha AMPK, iliwapa panya wasio na kipokezi cha vasopresini (homoni inayoiambia figo ibane maji) mkojo mzito zaidi na sio mwepesi zaidi? Nikasimama pale sina neno. Usiku nikaingia kutafuta, ndo nikachanganyikiwa zaidi, maana nimekuta utafiti wa 2016 unasema AMPK inazuia akwaporini-2 (bomba la kupitishia maji) isipande kwenye utando wa seli, na mwingine wa mwaka huo huo unasema metformini inaongeza akwaporini-2 kwenye utando. Mwaka mmoja, kiungo kimoja, kimeng'enya kimoja!

Naomba mtu anieleweshe kama vile amekaa na mimi na kalamu. Nataka kuelewa, sitaki tu kupita mtihani. Nitawasilisha tena wiki ijayo.

Msoma_Figo

Dada Zuwena, mshale wako haukuwa wa kijinga, sehemu yake ya kwanza ni sahihi. Umeurefusha tu kupita pale ushahidi ulipoishia. Ngoja nianze mbali kidogo.

Figo zote mbili zinachuja kama lita 180 za maji kwa siku, na ndani ya hizo lita kuna sodiamu kama milimoli 25,000. Ukiigeuza iwe chumvi ni karibu kilo moja na nusu. Kila siku! Na karibu yote inarudishwa. Sasa piga hesabu ndogo, figo ikishindwa kurudisha asilimia moja tu ya hapo, ni milimoli 250, yaani karibu gramu 15 za chumvi zimetoka na mkojo kwa siku moja. Kwa hiyo tunapoongea kuhusu kufungua au kufunga kidogo huku mwishoni mwa mirija, hatuongelei kitu kidogo, presha ya mtu mzima inaamuliwa hapo.

Kazi hiyo yote inaendeshwa na pampu ya sodiamu na potasiamu, ile aliyoielezea Jens Skou mwaka 1957 na kupewa Nobel mwaka 1997. ATP moja inatoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili. Pampu inakaa upande wa damu. Upande wa mkojo sodiamu inaingia yenyewe kupitia milango mbalimbali kulingana na sehemu ya mirija, na kwenye mfereji wa kukusanyia, kule mwishoni kabisa, mlango huo ni ENaC.

Hapa naomba uangalie seli moja tu, ile seli kuu ya mfereji wa kukusanyia. Sodiamu inaingia kwa ENaC upande mmoja, inasukumwa nje na pampu upande wa pili. Chukulia damu imepungua kufika pale, oksijeni imeshuka, ATP inapungua. Pampu inalegea. Mlango wa upande wa mkojo ukibaki wazi nini kitatokea? Sodiamu inaendelea kumiminika ndani, haina wa kuitoa, maji yanaifuata, seli inavimba na mwisho inapasuka. Kwa hiyo seli yenye akili inafunga mlango wa kuingilia kabla pampu haijaishiwa kabisa, na AMPK ndiye anayefunga. Anajua mapema kwa sababu ya kitu kimoja kizuri sana cha kikemia: ADP (ATP iliyotumika nusu) mbili zinageuka kuwa ATP moja na AMP moja, na kwa kuwa AMP kwa kawaida ni kidogo mno ukilinganisha na ATP, basi ATP ikishuka kidogo tu AMP inapanda kwa kiwango kikubwa. Kipande cha gama cha AMPK kinaikamata hiyo AMP. Halafu kimeng'enya kingine, LKB1, kinabandika fosfeti kwenye kipande cha alfa, pale kwenye asidi amino ya threonini namba 172, ndo AMPK inawaka sawasawa.

Anafungaje sasa? Hagusi mlango moja kwa moja, anamtuma Nedd4-2. Huyu ni protini inayoshika mikia ya ENaC na kubandika ubikwitini, ambayo ni kama alama ya "toa hiki hapa", kisha mlango unavutwa ndani ya seli. AMPK inaongeza nguvu ya Nedd4-2 kushikana na ENaC. Na cha kufurahisha (mimi hapa huwa nasisimka kila nikifundisha) ni kwamba aldosteroni, homoni ya kubakiza chumvi, inafanya kinyume kwenye sehemu hiyo hiyo. Aldosteroni inapandisha kimeng'enya SGK1, SGK1 inamzuia Nedd4-2, milango inabaki kwenye utando, chumvi inarudi mwilini. Kamba ni moja, huku anavuta aldosteroni kwa niaba ya mwili mzima, kule anavuta AMPK kwa niaba ya seli yenyewe.

Ukitaka kuona kinachotokea Nedd4-2 akikosa pa kushika, soma ugonjwa wa Liddle. Mkia wa ENaC una hitilafu ya kurithi, Nedd4-2 hawezi kuushika, milango inajaa kwenye utando, na mgonjwa anapata presha ya juu angali kijana na potasiamu ya chini, ilhali aldosteroni yake iko chini. Amiloridi inamsaidia kwa sababu inaziba mlango wenyewe.

Hiyo ndo nusu ya mshale wako iliyo imara. Nusu ya maji nitarudi jioni, nina kazi sasa hivi.

mwanamaabara77

Naongezea kwa upande wa vitendo, maana hizi seli nimezilea kwa mikono yangu miaka minne.

Tunazipanda juu ya kichujio chembamba, kikombe kidogo ndani ya kikombe kikubwa, mpaka zinashikana na kuwa kama zulia moja lisilovuja. Juu ni upande wa mkojo, chini ni upande wa damu. Ukiweka elektrodi pande zote mbili unaona umeme mdogo unapita, na umeme ule kwa sehemu kubwa ni sodiamu inayovuka kupitia ENaC. Unahakikishaje? Mwishoni unadondosha amiloridi upande wa juu. Mstari kwenye skrini unaporomoka palepale, sekunde chache tu, na kiasi kilichoporomoka ndo kazi ya ENaC. Ukiwa umezilowesha kwanza na AICAR, kemikali ya kuamsha AMPK, kiasi hicho kinakuwa kidogo. Mara ya kwanza kuona hilo kwa macho yangu niliita wenzangu wote waje waangalie.

Lakini dada Zuwena naomba ushike jambo hili kabla hujaamini karatasi yoyote: AICAR sio AMPK. Inaingia ndani ya seli na kugeuzwa kuwa kitu kinachofanana na AMP, na kuna vimeng'enya vingine vinavyoitikia AMP pia. Metformini nayo sio AMPK. Inabana mitokondria kwenye kile kituo cha kwanza cha mnyororo wa kupumua, ATP inapungua, ndo AMPK inaamka kama matokeo, lakini seli iliyobanwa mitokondria ina mambo mengine mengi yanayobadilika wakati huo huo. Kwa hiyo watu wawili wakisema "tumeamsha AMPK" mmoja kwa AICAR na mwingine kwa metformini, mmoja kwa saa moja na mwingine kwa siku kadhaa, mmoja kwenye seli za kikombe na mwingine kwenye mnyama mzima anayekunywa maji na mwenye homoni zake, hawajafanya jaribio moja. Mimi nikisoma makala ya AMPK huwa naenda kwanza kwenye sehemu ya mbinu, natafuta kama wamejaribu pia kukiondoa kimeng'enya chenyewe na kuona kama athari inapotea. Kama hawajafanya hivyo nasoma kwa tahadhari.

BabaWaJunior

Samahanini wataalamu, mimi sio mtu wa sayansi, nimefika hapa kwa kutafuta jina la ugonjwa wa mwanangu. Kijana wangu ana miaka sita, ana kisukari-maji cha figo, sio kile cha sukari, hiki ni kwamba figo zake hazisikii homoni ya kubana maji. Walimpima wakasema hitilafu iko kwenye kipokezi. Amezaliwa nayo. Anakunywa maji usiku kucha, anaamka mara nyingi mpaka mama yake na mimi tumegawana zamu, mtungi uko kando ya kitanda chake siku zote. Kuna siku aliugua tumbo akatapika na tulifika hospitali akiwa amelegea kama kitambaa, tukaambiwa na mtu wa mapokezi tusubiri foleni kwa kuwa "anakojoa vizuri". Sitaisahau ile siku.

Sasa nimesoma hapo juu kuhusu panya wasio na kipokezi, nikaona ni kama wanamzungumzia mwanangu. Metformini ni dawa inayojulikana, mama yangu mzazi anaitumia kwa sukari. Je nimuombe daktari wake ampe mtoto? Nielezeni kwa lugha ya kawaida tafadhali.

Nesi_wa_Usiku

Pole sana Baba Junior, poleni wewe na mama yake, kuamka usiku miaka sita mfululizo sio mchezo. Na lile la mapokezi limeniumiza. Mtoto mwenye hali hii akitapika anakojoa maji vilevile hata akiwa amekauka, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa hiyo mkojo mwingi kwake sio dalili ya kwamba yuko sawa. Ombeni kwa daktari wake barua fupi yenye jina la ugonjwa na maelekezo ya dharura, mtembee nayo, mkifika mnaitoa kwanza kabla ya salamu. Damu yake ipimwe sodiamu haraka, na anayetaka kumuwekea dripu asiweke maji ya chumvi kwa mazoea, apige hesabu kwanza na amuulize daktari wake, kwa sababu figo za mtoto huyu zinatoa maji matupu na chumvi inabaki, sodiamu ya damu inazidi kupanda.

Kuhusu metformini: usimpe, na usichukue ya bibi yake hata nusu kidonge. Yale ya panya ni ya panya. Metformini inatoka mwilini kupitia figo bila kubadilishwa, na mtu akiwa amekaukiwa maji na figo zimepata shida dawa inarundikana na asidi ya laktiki inaweza kupanda kwenye damu hadi kuua. Ndo maana hata mtu mzima ambaye uchujaji wa figo zake umeshuka chini ya mililita 30 kwa dakika hapewi. Mtoto ambaye anaweza kukauka ndani ya nusu siku ni wa kuwa naye makini mara mbili. Ila muulize daktari wake wa figo kwa uwazi kabisa kwamba umeisikia, hilo sio kosa, daktari mzuri atafurahi kukueleza.

Zipo dawa ambazo tayari zinatumika kwa watoto hawa na pengine mwanao yuko nazo: chumvi kidogo kwenye chakula, dawa ya jamii ya thiazidi, mara nyingine na amiloridi au indometasini. Najua thiazidi inashangaza watu, unampaje dawa ya kukojoza mtoto anayekojoa kupita kiasi? Lakini inafanya kazi. Inamwondolea chumvi kidogo, mwili unahisi umepungukiwa, basi mirija ya mwanzoni kabisa inavuta chumvi na maji mengi zaidi kuyarudisha, kwa hiyo maji yanayofika kule mwishoni kwenye tatizo lake ni kidogo. Mkojo unapungua. Nimeona mtoto akitoka lita nyingi hadi karibu nusu yake, na mama yake akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza.

BabaWaJunior

Asante sana dada nesi. Ile ya barua naifuatilia kesho asubuhi. Thiazidi anatumia ndiyo, miaka yote nilikuwa sielewi kwa nini, nilidhani wamekosea ila niliogopa kuuliza.

Zuwena_fizio

Baba Junior nimesoma habari ya kijana wako nikaacha daftari kwanza. Mungu amjalie afya.

Wakuu nimeanza kuona mwanga. Kama nimeelewa, panya wa metformini hawana kipokezi kama Junior, na zile seli zilizoonyesha AMPK inazuia akwaporini zilikuwa na kipokezi kizima tena zimepewa vasopresini. Hiyo ndo tofauti au natafuta tofauti kwa nguvu?

Msoma_Figo

Hiyo ndo tofauti kubwa kwa maoni yangu, na umeiona mwenyewe.

Kawaida vasopresini inakaa kwenye kipokezi chake, cAMP (mjumbe wa ndani ya seli) inapanda, kimeng'enya PKA kinawaka, fosfeti inabandikwa kwenye mkia wa akwaporini-2, serini namba 256, na vifuko vilivyobeba akwaporini vinapanda juu na kuungana na utando. Maji yanapita. (Akwaporini yenyewe kama familia ndiyo iliyompa Peter Agre Nobel ya kemia mwaka 2003.) Sasa watafiti wa kundi la kwanza walichukua seli za mfereji wa kukusanyia na vipande vya figo za panya, wakauliza: vasopresini inapopiga kelele, AMPK inaweza kuipunguza sauti? Jibu likawa ndiyo, akwaporini kidogo inapanda. Inaingia akilini, mnyororo ule wote wa cAMP unakula ATP, na PKA na AMPK wanagombana sehemu nyingi. Hata kwenye zile seli za jirani zinazotoa asidi, PKA inaiwasha pampu ya protoni na AMPK inaizima, kila mmoja ana pahala pake pa kubandika fosfeti.

Kundi la pili walikuwa na swali jingine kabisa. Mnyama hana kipokezi, au kipokezi kimezibwa na dawa ya tolvaptani, vasopresini haina wa kumwambia, nyumba iko kimya. Je kuna njia ya pembeni ya kupandisha akwaporini-2 bila kupitia kipokezi? Wakajaribu metformini, akwaporini-2 ikapanda kwenye utando, kisafirishi cha urea UT-A1 nacho kikapata fosfeti, mkojo ukawa mzito.

Kimeng'enya kimoja kinaweza kuwa mkono wa breki kwenye gari linalokwenda kasi na kuwa msukumo mdogo kwenye gari lililosimama. Sisemi kesi imefungwa, mwanamaabara amekwambia vizuri tofauti za dawa na muda, nazo zina uzito. Lakini ukisimama mbele ya mwalimu mwambie maswali yalikuwa mawili, na kwamba wewe uliyajibu yote kwa mshale mmoja.

Na usisahau kwamba chumvi na maji hazitembei pamoja kule mwishoni. Hapa ndipo mshale wako ulipokatika hasa. Uliandika "maji yanaifuata" kana kwamba ni sheria. Kwenye mirija ya mwanzoni ni sheria kweli, asilimia kama 65 ya sodiamu inarudi na maji yake. Kwenye kitanzi cha Henle (kipande cha katikati kinachoshuka ndani ya figo na kurudi juu), upande unaopanda, chumvi inatoka na maji yanabaki ndani, ukuta haupitishi maji. Kwenye mfereji wa kukusanyia maji yanapita tu kama akwaporini ipo. Junior ni ushahidi ulio hai, anapoteza maji na anabaki na chumvi.

Kiboko_ya_Henle

Mkuu Msoma nakubaliana na mengi ila mnakimbilia sana mwishoni mwa mirija wakati kasheshe yote iko katikati, kwenye kitanzi. Mkojo mzito hautengenezwi na akwaporini peke yake. Akwaporini ni bomba, linahitaji kitu cha kuyavuta maji, na kinachoyavuta ni chumvi na urea iliyorundikwa kwenye medula, sehemu ya ndani ya figo. Anayeirundika chumvi ni NKCC2, kisafirishi cha chumvi cha kitanzi. AMPK ikizima kila msafirishaji wa chumvi ili kubana matumizi, medula ingesafishwa na hata ukiwa na akwaporini tele mkojo usingekuwa mzito. Sasa NKCC2 inajulikana kuguswa na AMPK, serini namba 126, na watu walipoibadilisha hiyo serini makusudi kisafirishi kikafanya kazi kidogo zaidi. Yaani pale AMPK inaonekana kukitegemeza na wala sio kukizima. Kwa mtu anayeamini AMPK ni bahili wa nishati hii inamletea shida, na mimi nadhani ni shida nzuri, inatulazimisha tuache kusema "AMPK inazima usafirishaji wa chumvi" kama wimbo.

Msoma_Figo

Kiboko hoja yako naipokea, nilikuwa naiogopa hiyo kwa sababu ndiyo ngumu. Panya wenye chumvi nyingi kwenye chakula AMPK ya figo zao iko juu pia, kwa hiyo hapo sio suala la njaa ya nishati tu.

Ila tuangalie mahali. Medula inaishi kwenye oksijeni kidogo hata kwa mtu mzima wa afya, milimita 10 hadi 20 za zebaki wakati gamba la nje liko kwenye kama 50. Damu inapita taratibu kwa makusudi ili isisombe ile chumvi iliyorundikwa. Sehemu inayofanya kazi ngumu ndiyo yenye hewa kidogo. Furosemidi, dawa ya kukojoza, ikiizima NKCC2 oksijeni ya medula inapanda, imepimwa kwa watu kwa mashine ya MRI, ingawa majaribio kwa wagonjwa hayajaonyesha kwamba kuwapa furosemidi kunazuia figo kufeli. Kwa hiyo kuzima kazi kunaokoa oksijeni, lakini mgonjwa hajapona kwa sababu hiyo.

Nesi_wa_Usiku

Hapo mmenigusa, wagonjwa wa namna hiyo ndo wangu. Mtu ameingia na mshtuko wa kupoteza damu, mkojo umekuwa matone. Siku ya kwanza tukipima sodiamu ya mkojo ni kidogo sana, inayopotea haifiki asilimia moja ya iliyochujwa, maana figo bado zina uwezo na zinang'ang'ania kila punje. Akichelewa kurekebishwa, mirija ikaumia, kipimo kile kile kinaruka juu ya asilimia mbili, figo zinaachia chumvi wakati mwili unaihitaji kufa na kupona. Miaka yote nimeisoma ile namba kama "figo zimeumia". Leo ndo mara ya kwanza naiona kama seli zilizoishiwa ATP.

Swali langu, kama mirija haiwezi tena kurudisha, mbona mgonjwa hakojoi lita 180 akafa palepale?

Kiboko_ya_Henle

Swali zuri mno nesi. Kwa sababu kuna mlinzi. Kitanzi kikipanda kinarudi kugusa chujio lake lenyewe, na pale kuna kundi dogo la seli, makula densa, zinazoonja chumvi inayopita. Chumvi ikiwa nyingi kuliko kawaida maana yake huko nyuma hairudishwi, basi zinatuma ujumbe mshipa unaoleta damu kwenye chujio ubane. Uchujaji unashuka. Fikiria usipokuwepo huo ulinzi: tunachuja kama mililita 125 kwa dakika na plazma yote ya mwili ni kama lita 3, ungechuja plazma yote ndani ya dakika 25 hivi. Kwa hiyo yale matone unayoyaona kwenye mfuko wa mkojo saa nane usiku, sehemu yake ni figo kujizuia isimmwage mgonjwa wote nje. Na AMPK iliyoamshwa imeonekana pale pale kwenye makula densa kwenye figo za panya, ndo maana mimi sikubali aondolewe kwenye hadithi ya kitanzi.

Zuwena_fizio

Nimefuta ubao wote. Nimechora mirija kuanzia chujio hadi mwisho na AMPK nimeiandika mara nne badala ya moja: kwenye makula densa, kwenye NKCC2 nimeweka alama ya kuuliza yenye "serini 126" pembeni, kwenye ENaC mshale wa kushuka unaopitia Nedd4-2 na aldosteroni akivuta upande wa pili, na kwenye akwaporini-2 nimechora seli mbili, moja ina vasopresini na nyingine haina kipokezi, kila moja na mshale wake. Chini ya kila mshale nimeandika walitumia dawa gani, kwa muda gani, ni seli au mnyama mzima. Kuna sehemu imebaki tupu, ile ya metformini kwenye seli yenye kipokezi kizima kwa siku nyingi, sijui niijaze nini.

mwanamaabara77

Iache tupu hivyo hivyo, na akikuuliza mwonyeshe. Halafu nikwambie ningeijazaje mimi: vikombe sita vya seli, vitatu vina AMPK na vitatu imeondolewa, vasopresini kwa wote, metformini kwa kiwango kidogo kama kile kinachokuwa kwenye damu ya mtu anayemeza vidonge na sio vile viwango vikubwa tunavyomwaga kwenye vikombe, siku tano, kisha uziangalie akwaporini ziko juu au ndani. Ukifika mwaka wa utafiti nitafute kwa ujumbe wa ndani, nitakuonyesha jinsi ya kupanda seli zisivuje.

BabaWaJunior

Barua tumeipata leo, daktari ameiandika mbele yetu na akaweka muhuri. Nilimuuliza na ile ya metformini, akanichorea figo kwenye karatasi, ikafanana kabisa na alivyoeleza dada nesi. Karatasi nimeibandika ukutani juu ya mtungi wa maji, Junior anauliza hii ni nini, namwambia hiyo ni figo yako.